Sina kisukari, mbona mkojo una protini?

Swali: *Daktari, habari za kazi. Ni mama wa watoto watatu, naishi Temeke. Nina miaka 41, kilo 96, urefu sentimita 160. Mwezi uliopita walitupima afya kazini. Sukari ipo sawa, presha ilisoma 138 kwa 88, ila kwenye mkojo wakakuta protini, wameandika ++. Nikapimwa damu: kreatinini 53, eGFR 115. Daktari akasema figo zinafanya kazi vizuri sana, nipunguze tu uzito. Sasa sielewi. Kama figo ni nzima, protini inatoka wapi? Na unene unaingiaje kwenye figo wakati sina kisukari? Magoti yananisumbua, nameza diklofenaki karibu kila siku. Mama anasema nilizaliwa njiti, sijui kama inahusu. Shoga yangu anauza chai ya kupunguza tumbo, nimeanza kuinywa. Nikipungua protini itaondoka? Na mjomba wangu yuko kwenye mashine ya kusafisha damu, naye ni mnene, tumwambie apungue? – Mama Nuru*

Jibu: Mama Nuru, umefanya vizuri kuandika namba zote, maana jibu limejificha humo humo. Kwa kifupi: ndiyo, uzito uliozidi unaweza kuumiza figo wenyewe, bila kupitia kisukari. Na ile eGFR 115 iliyomfurahisha daktari wako inaweza kuwa dalili ya shida badala ya kuwa hakikisho la uzima.

Ngoja nieleze, maana watu wengi huondoka maabara wakiwa na furaha isiyo na msingi kwa sababu ya namba hiyo. eGFR ni makisio ya kiasi cha damu ambacho figo zinachuja kwa dakika, yanayokokotolewa kutokana na kreatinini, taka ya misuli iliyomo kwenye damu, na ikiwa 90 au zaidi tunasema ni nzuri. Hesabu hiyo inamchukulia kila mtu kana kwamba ngozi yake yote ikitandazwa inafika mita za mraba 1.73. Ya kwako, kwa kilo 96 na urefu wa sentimita 160, inafika kama 2.07. Nikiirudisha hesabu kwenye mwili wako ulivyo, figo zako zinachuja takriban mililita 137 kila dakika, karibu lita 197 kwa siku. Vitabu vinampa mtu mzima wa kawaida lita 180 hivi, na wanawake wengi wako chini kidogo ya hapo. Ni makisio, sikatai. Ila mwelekeo wake uko wazi: figo zako hazijalegea, zinafanya kazi kupita kiasi.

Kila figo ina vichujio vidogo sana, kwa wastani kama milioni 1. Unavipata vyote tumboni mwa mama, na baada ya kuzaliwa havitengenezwi vingine. Ukiongezeka kilo 30, vichujio haviongezeki hata kimoja. Vilivyopo vinatanuka na kupokea damu nyingi kwa msukumo mkubwa zaidi. Chukua kifumbu cha kuchujia tui. Kikamue kwa nguvu, kila siku, kwa nazi nyingi kuliko kilivyosukwa kubeba. Tui litatoka jingi na haraka, na kwa muda utajisifu. Baadaye ukili unaachia, na machicha yanaanza kupita. Protini kwenye mkojo wako ndiyo machicha hayo, na tui jingi ndiyo ile 115.

Kwa nini msukumo unapanda? Sababu ziko kadhaa na zinasaidiana. Mwili mkubwa una damu nyingi na taka nyingi za kuchuja. Mafuta yaliyozunguka figo tumboni yanazibana. Mafuta ya tumbo pia hayakai tu kama akiba ya chakula. Yanatoa homoni na kuamsha mfumo ule ule wa mwili unaopandisha presha, na mfumo huo unaiambia figo ishike chumvi. Figo ikirudisha chumvi nyingi mwilini, mshipa unaoingiza damu kwenye kichujio unalegea na kufunguka zaidi, na ule wa kutolea unabana. Damu inaingia kwa wingi na kutoka kwa shida. Katikati hapo kichujio kinavimba.

Seli zinazoumia zaidi zinaitwa podositi. Zina vijimguu vinavyoshikana kama vidole vya mikono miwili, na nafasi finyu kati ya vidole hivyo ndiyo inayozuia protini isipite. Shida yake ni kwamba seli hizi karibu haziwezi kugawanyika zikazaa nyingine. Kichujio kikitanuka, zile zile zilizopo zinalazimika kujinyoosha kufunika eneo kubwa zaidi, mpaka nyingine zinabanduka. Penye pengo panapita protini, kisha pananatana na kuwa kovu. Kichujio chenye kovu kikiacha kazi, mzigo wake unahamia kwa jirani. Ndiyo maana ugonjwa huu unaweza kutulia miaka kumi, ishirini, halafu namba zikaanza kushuka kwa kasi.

Hili halikugunduliwa jana. Ripoti ya kwanza ya watu wenye unene mkubwa sana waliokuwa wakimwaga protini nyingi kwenye mkojo ilitoka mwaka 1974. Kisha mwaka 2001 wataalamu wa New York walichapisha mapitio ya vipande vya figo 6,818 walivyokuwa wamevichunguza kwa hadubini. Kati ya 1986 na 1990, ugonjwa wa vichujio unaotokana na unene ulikuwa asilimia 0.2 ya vipande. Kati ya 1996 na 2000 ulikuwa umefika asilimia 2. Mara kumi ndani ya muongo mmoja hivi, na katika miaka hiyo hiyo Wamarekani walikuwa wakinenepa.

Utafiti unaotajwa zaidi kuhusu uhusiano huu ulifanyika California, matokeo yake yakatoka mwaka 2006. Walifuatilia watu wazima 320,252. Ukiwalinganisha na wenye uzito wa kawaida, waliokuwa wamezidi kidogo (BMI, yaani kilo zako ukizigawa kwa kimo cha mita kilichozidishwa chenyewe, kati ya 25 na 30) walikuwa na hatari ya figo kushindwa kabisa karibu mara 2. Waliokuwa kati ya 30 na 35, mara 3 na nusu. Kati ya 35 na 40, ambako wewe uko na 37.5 yako, mara 6. Kuanzia 40, mara 7. Hata walipoingiza presha na kisukari kwenye hesabu, uzito ulibaki na mchango wake wenyewe. Usiogope hiyo mara 6 kupita kiasi, maana kwa mtu wa kawaida hatari yenyewe ni ndogo, na kidogo ukikizidisha mara 6 bado hakijawa kikubwa. Wanene walio wengi hawataiona mashine ya kusafisha damu maishani mwao. Ila wewe tayari una ++, na mtu mwenye protini kwenye mkojo hayuko kundi moja na mnene asiye nayo.

Umeuliza kuhusu kuzaliwa njiti. Mama yako kakusaidia sana kukumbuka, na natamani kila kliniki ingekuwa inauliza. Vichujio vinaendelea kutengenezwa hadi karibu wiki ya 36 ya mimba. Mtoto anayetoka mapema, au anayezaliwa na uzito mdogo, mara nyingi huanza maisha na vichujio pungufu. Akibaki mwembamba, huenda asijue kamwe. Akinenepa, vichache hivyo vinabebeshwa mzigo wa vingi. Ushahidi unaonishawishi zaidi ulitoka Hispania mwaka 2000. Madaktari wa Madrid waliangalia nyuma rekodi za watu 73 waliotolewa figo moja kwa sababu mbalimbali, yaani waliobaki na nusu ya vichujio. Kati ya 59 ambao hawakuwa na unene uliokithiri wakati wa upasuaji, asilimia 12 walikuja kupata protini kwenye mkojo au figo kupungua nguvu. Kati ya 14 waliokuwa nao, waliopata shida ni 13. Figo moja iliwatosha wembamba na haikuwatosha wanene. Ndiyo sababu pia, ndugu akijitolea figo, madaktari wa upandikizaji humwambia apungue kwanza.

Kwetu huku mambo haya mawili yanakutana vibaya. Watoto wengi walizaliwa na uzito mdogo, wakakulia kijijini kwenye chakula cha kupimiana, kisha ukubwani wakahamia mjini kwenye chipsi, soda, daladala na kiti cha ofisi. Mwaka 2015 ulichapishwa uchunguzi uliofanyika Moshi, nyumba kwa nyumba: ugonjwa sugu wa figo ulikutwa kwa asilimia 15.2 ya watu wazima wa mjini, na asilimia 2 tu vijijini. Karibu nusu ya waliokutwa nao hawakuwa na kisukari, presha wala virusi vya UKIMWI. Sisemi tofauti hiyo yote ni unene, maana mji una mengi. Lakini anayedhani figo ni ugonjwa wa wenye sukari peke yao aitazame tena nusu hiyo. Wakati huo huo takwimu za kitaifa za 2015-16 zilionyesha asilimia 28 ya wanawake wa Tanzania wenye miaka 15 hadi 49 wamezidi uzito. Kenya walikuwa 33 mwaka 2014, na mwaka 2022 wakafika 45.

Hapa nisimame kidogo niwe wakili wako. Mnene akiugua chochote, kila kitu husingiziwa unene, na hospitali zetu zina tabia hiyo. "Punguza uzito" si utambuzi wa ugonjwa. Protini inaweza kutoka kwa sababu nyingine ambazo zinahitaji tiba nyingine kabisa: virusi vya UKIMWI, homa ya ini aina ya B, kichocho, siko seli, ugonjwa wa lupasi, kifafa cha mimba kilichopita. Na inaweza kuwa ya muda tu, ukipimwa ukiwa na homa, maambukizi ya njia ya mkojo, siku zako za hedhi, au umetoka kufanya mazoezi mazito. Kwa hiyo usikubali kuitwa mgonjwa wa figo kwa kijiti kimoja kilichochovywa kwenye mkojo. Ugonjwa sugu tunausema pale tatizo linapodumu zaidi ya miezi 3.

Nenda urudie. Peleka mkojo wa kwanza wa asubuhi, usiwe kwenye hedhi, na omba kipimo kinacholinganisha albumini (protini kuu ya damu) na kreatinini kwenye mkojo, siyo kijiti peke yake. Kijiti hudanganywa na maji: ukinywa mengi protini inaonekana ndogo, ukiwa na kiu inaonekana kubwa. Jibu chini ya miligramu 30 kwa gramu ni salama. Likipita 30 na likarudia baada ya miezi 3, una tatizo la kweli. Likipita 300, muone daktari wa figo bila kusubiri. Pamoja na hapo pima UKIMWI, homa ya ini, sukari ya miezi 3 iliyopita, na ultrasaundi ya figo. Kama ni unene, picha ya kawaida ni protini inayopanda polepole, miguu isiyovimba sana, na albumini ya kwenye damu kubaki nzuri hata mkojo ukiwa na protini nyingi. Ukiamka ghafla uso na miguu vimeumuka, au mkojo una rangi ya soda nyeusi, hiyo si hadithi ya unene, wahi hospitali siku hiyo hiyo. Na kilo zilizoongezeka kwa wiki moja si mafuta. Bonyeza ugoko kwa kidole gumba, ukihesabu hadi kumi. Shimo likibaki, hayo ni maji.

Kabla hujarudia kipimo, acha diklofenaki. Hapa sitabembeleza. Dawa za aina hiyo, pamoja na ibuprofeni na ndugu zao, zinabana mshipa unaoingiza damu kwenye figo, na zikitumiwa kila siku zinaweza zenyewe kusababisha protini kwenye mkojo. Yaani huenda ++ yako ina mkono wa vidonge vyako. Hii ni njia ya pili ambayo unene hupitia kuifikia figo, na haisemwi inavyostahili: uzito unaumiza magoti, magoti yanakupeleka duka la dawa, na dukani hakuna anayekuuliza kuhusu mkojo. Tumia paracetamol kwa kipimo chake, dawa ya kupaka gotini, na mazoezi ya kukaza misuli ya paja. Kilo chache zikitoka magoti yatakuwa ya kwanza kushukuru, kabla hata ya figo.

Halafu ile presha. Umeandika 138 kwa 88 kama kitu kilicho sawa. Kwa mtu mwenye protini kwenye mkojo si sawa, tunataka chini ya 130 kwa 80. Ila kabla hatujakupa jina, tuhakikishe walikupima vizuri. Mkono wako ukizidi sentimita 33 hivi kwa mzunguko, mkanda wa kawaida unakuwa mdogo na kipimo kinadanganya kwa kupanda juu. Nimeona watu wanaanzishiwa dawa kwa kosa la mkanda. Uliza bila aibu: "Mna mkanda mkubwa?" Kaa umetulia dakika 5, mguu usikunjwe juu ya mwingine, pima siku tofauti.

Ikithibitika kwamba protini ipo na presha imepita, dawa tunayoikimbilia ni losatani, dawa ya presha, au dada zake. Inalegeza ule mshipa wa kutolea damu kwenye kichujio, msukumo unashuka, protini inapungua. Inauzwa karibu kila mahali na bei yake inabebeka. Masharti mawili: haitumiki kabisa kwa mjamzito, kwa hiyo kwa miaka 41 mwambie daktari kama bado unaweza kushika mimba, na damu ipimwe kreatinini na potasiamu wiki 2 hadi 4 baada ya kuanza. Siku ukiharisha sana au kutapika, isimamishe mpaka ule na kunywa kama kawaida. Losatani, dawa ya kukojoa na diklofenaki vikikutana mwilini mwa mtu aliyeishiwa maji, figo inaweza kuzima ndani ya siku chache.

Sasa swali lako kuu: ukipungua, protini itaondoka? Inapungua, na haihitaji miujiza. Kundi lile lile la Madrid lilichukua watu 30 wenye uzito uliozidi na protini kwenye mkojo, likawapa baadhi yao mpango wa kula kidogo kwa miezi 5. Walipungua kama asilimia 4 ya uzito wao tu, na protini ikashuka kwa karibu theluthi moja. Asilimia 4 kwako ni kilo 4. Sikuombi urudi kwenye gauni la harusi, naomba kilo 4 za kwanza, kisha tuzungumzie 10. Marekani nako, kwenye utafiti wa watu 5,145 wenye kisukari na uzito mkubwa, kundi lililosimamiwa kwa karibu kula na kutembea lilipunguza hatari ya kufikia ugonjwa mkubwa wa figo kwa asilimia 31. Makovu yaliyokwisha kuwepo hayafutiki. Tunachookoa ni vichujio ambavyo vimetanuka lakini bado viko hai, na kwa eGFR yako vipo vingi.

Njia yenyewe unaijua zaidi yangu, kwa hiyo nitagusa penye uzito tu. Vinywaji kwanza. Soda ya mililita 350 ina sukari gramu 35 hivi, vijiko vya chai 8 au 9, na haishibishi. Juisi ya embe iliyotiwa sukari ni binamu yake. Pili chumvi, maana yeye hapandishi kilo lakini anapandisha msukumo ndani ya kichujio na kuidhoofisha losatani. Kijiko kimoja cha chai kwa siku kwa mtu mmoja, na humo ndani mhesabu vipande vya viungo vya mchuzi, ng'onda, chumvi ya mezani kwenye chipsi na ile anayorusha muuza mahindi. Tatu sahani: ugali au wali robo ya sahani, mboga nusu, robo iliyobaki samaki, kuku au maharage. Kula protini hakukatazwi, ila usiingie kwenye mlo wa nyama tupu wala kopo za unga wa wanyanyua vyuma. Nyama nyingi kwa wakati mmoja huongeza mchujo, na wako tayari umezidi. Kupungua nusu kilo kwa wiki kunatosha. Badala ya kuhangaika na mzani kila asubuhi, pima kiuno kwa tepu ya fundi kila mwezi. Kwa urefu wako lengo la mbali ni sentimita 80, nusu ya kimo.

Watu watasema. Ukipungua Dar es Salaam watakuuliza unaumwa nini, na wengine watakutazama kwa huruma ya kichinichini. Jiandalie jibu mapema.

Maji je? Watu wanaambiana wanywe lita 5 "kusafisha figo." Canada walilijaribu hilo kwa wagonjwa wa figo 631, nusu wakahimizwa kunywa zaidi kwa mwaka mzima, matokeo yakatoka 2018: figo hazikupata faida yoyote. Kunywa kwa kiu, na kwa joto la Dar ongeza kidogo.

Chai ya shoga yako ndiyo iliyonikosesha raha kuliko kilo 96. Mara nyingi chai hizi zina dawa ya kuharisha na ya kukojoa. Mzani unashuka kwa sababu umepoteza maji na potasiamu, mafuta yako pale pale. Na huo ni upande wake mzuri. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 kule Brussels, Ubelgiji, kliniki ya kupunguza uzito iliwapa wateja vidonge vyenye mitishamba ya Kichina. Mtishamba mmoja ulikuwa umebadilishwa na mwingine wa jamii ya aristolokia. Wanawake wapatao 100 waliharibiwa figo, wengi wakaishia kwenye mashine au kupandikizwa, na miaka ya baadaye saratani ya njia ya mkojo ikaanza kuonekana kwa baadhi yao. Walikuwa wanawake wazima kama wewe, waliotaka kupungua tu, na walikuwa kliniki, hawakununua kwenye simu. Chai yako haina hata karatasi ya kusema ina nini.

Juisi za kijani na za uchachu nazo zina watu wake siku hizi. Niseme kuhusu mbilimbi kwa kuwa sisi wa pwani tunao uani. Kuutia kwenye mchuzi wa samaki au achari hakuna tatizo. Lakini Kerala, India, iliripotiwa mwaka 2013 kwamba watu 10 walikunywa juisi nzito ya mbilimbi wakitaka kushusha kolesteroli, figo zao zikafeli ghafla. Tunda lile lina oksaleti nyingi sana, na ikiwa nyingi inaganda kwenye figo kama mchanga. Mchicha mbichi uliosagwa kila asubuhi una tabia hiyo hiyo kwa kiasi chake. Upike, mwaga maji, kula kama mboga.

Hukuuliza kuhusu sindano za kupunguza uzito lakini najua utakutana nazo. Semaglutidi, mojawapo ya sindano hizo, ni dawa ya kweli. Mwaka 2024 utafiti wa watu 3,533 wenye kisukari na ugonjwa wa figo ulionyesha inapunguza matukio makubwa ya figo kwa asilimia 24, na utafiti mdogo wa watu 101 wanene wasio na kisukari ulionyesha albumini kwenye mkojo ikishuka kwa karibu nusu ndani ya wiki 24. Kwa hiyo siidharau hata kidogo. Ninachokuomba usiinunue kwa anayetuma picha za kabla na baada. Juni 2024 Shirika la Afya Duniani lilitoa tahadhari ya dawa hiyo kughushiwa. Kama uwezo upo, ipitie kwa daktari, akuanzishe dozi ndogo, kwa sababu kutapika na kuharisha kwake kunaweza kukausha mwili na kuiumiza figo hiyo hiyo tunayoitetea.

Nimalizie na mjomba. Yeye msimwambie apungue, angalau si kwa namna unavyoambiwa wewe. Kwa walio kwenye mashine hesabu inageuka: kwa wastani wenye mwili mkubwa huishi muda mrefu kuliko waliokonda, na mgonjwa wa mashine anayepungua bila kukusudia hutushtua, kwa kuwa mara nyingi ni misuli inayoisha na chakula kisichotosha. Anahitaji kula vizuri, hasa protini, kinyume kabisa na wanavyomnyima ndugu wengi kwa nia njema. Uzito wa kumwangalia ni ule unaopanda kati ya kikao na kikao, ambao ni maji na chumvi, na unamchosha moyo. Kupungua mafuta kutakuja mezani kama mmeanza kufikiria kumpandikiza figo, maana vituo vingi husita BMI ikipita 35, na hapo apungue taratibu akisimamiwa na mtaalamu wa lishe. Akienda kikao kijacho, fuataneni, mumuulize muuguzi uzito wake mkavu, yaani maji ya ziada yakishatolewa, ni kilo ngapi na alikuja na maji kilo ngapi mara ya mwisho.